Wimbo wa Wanafunzi na Chombo Kisichosahau

Darasa letu limeletewa swali kutoka Adungosi, nalo ni swali listahikilo kujibiwa kwa maandishi, wala si kwa maneno ya barazani tu, kwa kuwa jawabu yake yagusa nyumba nyingi za Waislamu na za jirani zao. Wanafunzi wa skuli moja ya kutwa wametunga wimbo wa kuwaonya wasichana wenzao na hadaa za baadhi ya madereva wa malori wapitao barabara iunganishayo Busia na Malaba. Wimbo huo wataka kuufanya video: waurekodi kwa kompyuta, wapige picha kwa simu za mkononi, kisha wauweke katika intaneti upate kuonekana na kila mtu. Msichana mmoja wa Kiislamu, mwenye umri wa miaka 15, ndiye mwenye sauti ya kupendeza kuliko wenziwe. Amechaguliwa awe mwimbaji, na pia aigize yule msichana aliyehadaiwa. Babake amekataa. Wenziwe wasema kuwa mzee huyo ameachwa nyuma na ulimwengu. Wazee wa msikitini nao wamegawanyika mafungu mawili: fungu moja lasema kuwa jambo hili lote ni haramu tangu mwanzo wake hata mwisho, fungu la pili lasema kuwa zama zimebadilika, basi watoto na waachwe. Tumeulizwa: ni nani mwenye haki?

Sisi twaona kuwa mafungu yote mawili yamechanganya mambo matatu yaliyo mbali mbali, yakayafanya jambo moja. Kuna suala la wimbo, kuna suala la chombo, na kuna suala la mtu anayetiwa ndani ya chombo. Mwenye kuyafunga matatu haya katika fundo moja hana budi ama kuyakataa yote au kuyakubali yote, na katika hali zote mbili atadhulumu. Basi na tuyafungue moja moja.

Ama wimbo, khilafu ya wanazuoni juu yake ni ya zamani na ni mashuhuri, wala hatutaki kuimaliza katika ukurasa mmoja. Sisi tulio katika madhehebu ya Imamu Shafii twajua kuwa lililotegemewa kwetu ni kuruhusu dufu na kuzuia ala za nyuzi. Na twajua pia kuwa wako maulamaa wakubwa, kama Ibn Hazm wa Andalusi aliyefariki mwaka 1064, walioruhusu zaidi ya hayo. Imamu Ghazali naye aliupima wimbo kwa mwimbaji wake, kwa ala yake, kwa maneno yake, na kwa kile unachokiamsha katika moyo wa msikilizaji. Jirani zetu Wateso wana kinubi chao kiitwacho adeudeu, walichorithi kwa wazee wao, nacho ni chao. Mtoto wa Kiislamu ambaye nafsi yake haitulii kwa nyuzi aweza kuimba kwa sauti na kwa dufu, na wimbo usipungue kitu. Hapa hapana ugomvi ila kwa mwenye kuutafuta.

Lililo zito ni maneno ya wimbo wenyewe, nayo ni nasaha. Kila aliyepita Malaba ameona safu ya malori yangojayo kuvuka kwenda Uganda. Palipo na watu wazima wasiokuwa na kazi ila kungoja, wenye fedha mfukoni na walio mbali na watu wao, na kando yao wakapita watoto watokao skuli kwa miguu, baadhi yao wakiwa hawana hata sodo za mwezi, hapahitaji mtabiri. Hatusemi kuwa madereva wote ni waovu. Wengi wao ni baba wa watoto, na huyachukia haya kama tuyachukiavyo sisi. Walakin yatendekayo yajulikana na wote, na wanenao juu yake ni wachache. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, wala ridhaa ya mtoto si hoja ya kumwokoa mtu mzima. Lakini sheria huja baada ya msiba. Wimbo huja kabla. Basi watoto walioona munkari wakautungia wimbo wamefanya kazi ambayo wakubwa wao waliiacha, na yatupasa kuwashukuru kabla ya kuwasahihisha.

Ama chombo, historia yetu imejaa watu waliogombana na vyombo, kisha wakavitumia. Huko Istanbul, Ibrahim Müteferrika alipata ruhusa ya kupiga chapa mwaka 1727, na ruhusa hiyo haikuingiza vitabu vya dini. Leo ni nyumba gani ya Kiislamu isiyokuwa na Msahafu uliopigwa chapa? Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akaifanya karatasi kuwa mimbari. Misri, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti, aliandika kuwa picha ya kamera si kuumba bali ni kukizuia kivuli cha kitu kilichokwisha umbwa. Na mwaka 1928 Siti binti Saad alitoka Unguja akaenda Bombay kutia sauti yake katika sahani za santuri. Hawa wote walikuta watu wakisema kuwa chombo kipya ni cha wengine, na wakaonyesha kuwa chombo ni cha yule anayejua kukitumia.

Tena twawauliza wale wazee wanaosema kuwa video yote ni haramu: ni nani wanaopiga picha harusi zetu, na maulidi yetu, na hata mazishi yetu, kisha wakazisambaza kwa WhatsApp kabla maiti hajafunikwa udongo? Mwenye kuishika simu yake juu katika mkutano wa wanaume hana uso wa kumwambia mtoto kuwa simu ni haramu. Hoja ya namna hii haiwafunzi vijana dini. Yawafunza kuwa dini ni kitu ambacho wakubwa huwatupia wadogo.

Wala tusiidharau ilimu iliyomo katika kazi hii. Wimbo hurekodiwa sauti kwanza, katika chumba kilichotulia, mablanketi yakitundikwa ukutani ili mwangwi usirudi. Sauti ile husafishwa na kupangwa kwa programu kama Audacity, ambayo hupatikana bure. Kisha hupigwa picha, mwimbaji akifuatisha midomo kwa sauti iliyokwisha rekodiwa; kisha vipande hukatwa na kuunganishwa, kila kimoja mahali pake, kwa hesabu ya sehemu za sekunde. Mwenye kuifanya kazi hii hujifunza subira, kipimo, na kumngoja mwenzake. Mtaala wa umilisi, uliofika Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026, umeifanya sanaa kuwa njia mojawapo ya masomo ya skuli za upili. Basi mtoto wa Adungosi afanyaye haya hachezi, yuko darasani.

Walakin kusema kuwa chombo hakina dhambi si kusema kuwa vyombo vyote ni sawa. Kila chombo kina tabia yake, na mwenye kukitumia asiijue tabia hiyo hutumiwa nacho. Tabia mbili za chombo hiki zahitaji kuangaliwa.

Tabia ya kwanza ni kuwa huweza kusema uwongo kwa urahisi. Mwaka 1997 ilitoka programu iitwayo Auto-Tune, iliyobuniwa na Andy Hildebrand, mhandisi ambaye hapo kabla alikuwa akitumia hesabu za mawimbi kutafuta mafuta chini ya ardhi. Kazi yake ni kuivuta sauti iliyokosea na kuirudisha katika tuni yake. Baada ya hiyo zimekuja programu za akili mnemba zitungazo wimbo mzima na kuuimba kwa sauti ya mtu asiyekuwako, au kwa sauti ya mtu aliyeko ambaye hakuimba. Hapa twakumbuka habari iliyopokewa ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta chini yake maji, na juu yake pakavu. Hakumlaumu muuzaji kwa mvua iliyoinyesha nafaka yake. Alimlaumu kwa kuwa aliificha. Kuondoa kelele za lori lililopita wakati wa kurekodi si udanganyifu, kama vile kupepeta nafaka si udanganyifu. Lakini mwanafunzi aletaye mbele ya waamuzi wa mashindano sauti ambayo si yake, ameweka pakavu juu ya maji. Na amali aliyoitaka skuli, yaani yeye mwenyewe ajue kuimba, haikufanyika.

Tabia ya pili ndiyo iliyotutia tufikiri zaidi: chombo hiki hakisahau. Sahani ya santuri ya mwaka 1928 ilichukua kiasi cha dakika tatu kila upande, na mtu alihitaji jahazi au meli ili akaitie sauti yake. Taabu ile ilikuwa mlinzi: hakuna aliyerekodiwa kwa ghafula. Leo hapana taabu. Wimbo wa dakika tatu, kwa picha 30 kila sekunde, ni picha 5,400. Na kama uso wa mtoto mmoja umo katika wimbo wote, basi ni picha 5,400 za uso wa mtoto huyo. Kila moja yaweza kutolewa peke yake na kupelekwa kokote.

Na tulinganishe. Msichana akiigiza aliyehadaiwa katika ukumbi wa skuli, mbele ya waalimu na wazazi, kila aliyehudhuria ajua kuwa ni mchezo. Ajua mwanzo wake na mwisho wake. Pazia likishuka, yeye hurudi kuwa binti wa fulani, na kesho yake atakwenda dukani kununua sukari kama jana. Lakini yaliyotiwa katika video hayana pazia. Mtu asiyemjua atakata sekunde kumi, pale anapoipokea zawadi ya dereva na kucheka, atazituma bila ya mwanzo wala mwisho wala maneno ya wimbo. Baada ya miaka kumi, atakapokuja mchumba, au atakapoomba kazi ya kusomesha, atakuwapo mtu wa kumwonyesha kidole na kusema: huyu si yule wa madereva? Naye atakuwa amepatwa na aibu ya jambo ambalo hakulitenda, kwa sababu ya kuwaonya wengine wasilitende.

Wazee wetu walijua kuwa kusahau ni rehema. Mji ambao watu wake hawasahau haukaliki. Na dini imetuamrisha kusitiri aibu ya mtu hata ikiwa ni ya kweli. Basi vipi kumtengenezea mtoto aibu isiyokuwa ya kweli, na kuihifadhi? Katika Surat an-Nur tumekatazwa kuingia nyumba zisizokuwa zetu mpaka tuombe idhini na kuwasalimu wenyewe. Uso wa mtu ni mlango wa nyumba yake. Aliyeufungua uso wa mtoto kwa ulimwengu mzima amewaruhusu watu kuingia nyumba isiyokuwa yake.

Vijana watatujibu: lakini msichana mwenyewe ameridhia, na tena ana hamu kubwa. Twasema kuwa hamu yake ni njema, na ridhaa yake ni sharti ambalo pasipo hilo hapana la kuzungumzwa. Walakin sharti moja silo masharti yote. Mali ya yatima hapewi mkononi mwake mpaka ionekane kwake busara ya kuitumia, na mali ikipotea huchumwa nyingine. Uso haupatikani mwingine. Sheria ya nchi nayo imeliona jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake ni katika habari hizo. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza skuli moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi wao. Mtu aweza kuiondoa idhini yake baadaye na kutaka picha ifutwe. Lakini amri hiyo yamfikia mwenye nakala ya kwanza. Nakala ya elfu iko katika simu ya mtu asiyejulikana, Kampala au Juba au Mombasa, wala hapana karani wa kuifuata huko. Kwa hivyo hadhari yapasa iwe kabla ya tendo.

Na baba je? Sisi twaona kuwa haki ya kukataa anayo, lakini anayo kwa kuwa yeye ni amini, si kwa kuwa ni mwenye mali. Amini hukataa kwa maslaha ya aliyewekewa, si kwa ghadhabu yake, wala kwa kuogopa wanaume wenziwe watasema nini barazani. Kama amekataa pasipo kumsikiliza binti yake, na pasipo kuyasoma maneno ya wimbo, amekosa adabu ya ulezi hata kama jawabu yake yaelekea haki. Amkalishe mbele yake, amwambie: nisomee wimbo wako. Huenda akasikia humo jambo ambalo mtoto hakuthubutu kumwambia kwa maneno yake mwenyewe.

Kuna hoja moja yenye nguvu kuliko zote, nayo yataka jawabu: ikiwa kila msichana atafichwa, ni nani atakayewaonya wasichana? Kweli isiyokuwa na wa kuisema hufa. Haya ni maneno ya haki, wala hatuyakimbii. Sauti ya mwanamke si uchi kwa kauli iliyosahihishwa katika madhehebu yetu. Bibi Aisha aliwasomesha wanaume, na mwanamke aliyekuja kumshtakia Mtume mumewe alisikiwa, ikateremka kwa ajili yake Surat al-Mujadila. Hakuambiwa anyamaze kwa kuwa ni mwanamke. Basi hatusemi kuwa sauti hii nayo inyamazishwe.

Lakini tulipowauliza vijana namna watakavyopiga picha, tuliuliza pia: huyo dereva mwovu wa wimbo wenu ataonekanaje? Wakatuambia kuwa utaonekana mkono wake tu juu ya usukani, na fedha katika vidole vyake, kwa kuwa hapana mwanamume aliyekubali kuonyesha uso wake katika hali kama hiyo.

Enyi wasomaji wetu, lipimeni neno hili. Mwanamume mzima, aliyeombwa aigize tu, aliujua thamani uso wake, akauzuia, na kila mtu akamwona ana haki. Mtoto wa miaka 15 hakuulizwa. Uso wake ulihesabiwa kuwa sehemu ya vifaa vya kazi, pamoja na simu na taa. Mwenye hatia amefichwa, na aliyedhulumiwa amefunuliwa. Na hivi ndivyo yalivyo mambo katika ile barabara yenyewe: likitokea la kutokea, jina la msichana huenea kijiji kizima, na jina la dereva huvuka mpaka pamoja na mzigo wake. Wimbo uliotungwa kuipinga dhulma hii ulikuwa karibu kuirudia, si kwa nia mbaya, bali kwa kutofikiri.

Basi jawabu yetu ni hii. Wimbo na ufanywe, na video na ifanywe. Sauti ya msichana yule na itumike, ikiwa yeye na babake wataridhia baada ya kuelezwa kwa ukamilifu, na idhini hiyo iandikwe. Ama aliyehadaiwa, asionyeshwe uso wake. Kama mkono watosha kwa dereva, mkono watosha kwake pia: mkono ulioshika daftari, viatu vya skuli vilivyoachwa kando ya barabara, sare iliyoanikwa kambani siku ya masomo, kivuli cha lori kikipita juu ya ukuta. Au wanafunzi wenyewe wachore picha kwa kalamu, nazo zipigwe kwa kamera. Mwenye akili ya sanaa atatambua kuwa haya yachoma moyo zaidi, kwa kuwa kila mama atakayetazama atauweka uso wa binti yake mwenyewe mahali palipoachwa wazi.

Tena, kama tuni imetoka katika nyimbo za kale za Wateso, wazee wake waulizwe na watajwe; iko sheria ya mwaka 2001 ya haki ya mtunzi, na iko sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi ilimu na sanaa za jadi, lakini kabla ya sheria zote iko adabu ya kutokula cha mtu pasipo kumwambia. Vipande vilivyopigwa na kutotumiwa vifutwe mbele ya mwalimu na mzazi mmoja, visibaki katika simu za watu. Na kazi ikiisha, ionyeshwe kwanza Adungosi, kwa wazazi waliokaa vitini, kabla ya kutiwa katika intaneti. Mtoto yeyote atakayesema kabla ya hapo kuwa ameghairi, aondolewe pasipo kulaumiwa wala kuchekwa.

Na nyinyi wazee mliogawanyika, twawausieni jambo moja. Tumesikia kelele nyingi juu ya sauti ya msichana, na kelele chache juu ya wale wanaomngoja njiani. Mwenye ghera na ianzie ghera yake barabarani. Twendeni kwa machifu, twendeni kwa wenye maegesho ya malori, tuwasindikize watoto wetu jioni, tuwanunulie wanachohitaji ili wasikipokee kwa mwingine. Tukifanya hivyo, huenda wakaja kutunga wimbo mwingine, usiokuwa wa kuonya.

Katika Surat Bani Israil tumeambiwa kuwa masikio na macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Hivyo vitatu ndivyo vyombo vya video: iliyosikiwa, iliyoonwa, na nia ya aliyeifanya. Kompyuta haitaulizwa kitu. Tutaulizwa sisi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mwenye kuwafikisha.